Uliza Anti wa Lishe: Mpunga ulisimama wapi kabla haujafika jikoni kwako?

Jamani mwezi huu sanduku la maswali limejaa mchele tu. Imeanza na ile voisi inayozunguka kwenye magrupu ya wasapu, kuna baba anaongea kwa sauti nzito kama anahubiri msibani, anasema mchele una sumu ya panya na sisi tunawalisha watoto kila siku, basi tangu hapo simu yangu haijapumzika, hata jirani yangu hapa Kizota, Dodoma, ninayemdai kilo 2 za mchele kaja kuniambia harudishi kwa sababu ananionea huruma. Nimechagua maswali machache, majina naacha kama kawaida yetu.

SWALI: Anti shikamoo. Nina mtoto wa miezi 8, tangu aanze kula nampa uji wa mchele asubuhi na jioni maana ndo anaoupenda, wa lishe anautema. Nimesikia ile voisi nikalia usiku kucha. Mume wangu anasema niache upuuzi. Nimeshamharibu mtoto wangu au bado? (Mama wa Nkuhungu)

JIBU: Marahaba mwanangu, nyamaza, hujamharibu mtu. Hiyo voisi ina ukweli nusu na huo ndo ubaya wake, ingekuwa uongo mtupu tungecheka tukalala.

Kinachosemwa pale ni aseniki, na ni kweli zamani watu walitengenezea sumu ya panya. Lakini hakuna mtu anayeiweka kwenye mchele, aseniki ipo ardhini tangu dunia iumbwe, kwenye mawe, kwenye udongo, kwenye maji ya visima vya baadhi ya sehemu, na kila mmea unanyonya kidogo. Sasa kwa nini mpunga unasemwa na mahindi hayasemwi? Kwa sababu mpunga unasimama ndani ya maji. Udongo ukifunikwa na maji wiki hadi wiki hewa inaisha kule chini, ile kutu ya chuma iliyokuwa imeikamata aseniki inayeyuka, aseniki inaachiwa inaogelea kwenye maji ya jaruba. Na mpunga una tamaa yake moja, unapenda sana silika, ile kitu inayofanya jani la mpunga likukate mkono na ganda liwe gumu kama msasa, na mlango wa kwenye mizizi unaopitisha silika ndo huohuo aseniki ya kwenye maji inapitia maana zinafanana umbo, mlinzi anaona mgeni kavaa sare anafungua geti. Mahindi, mtama na uwele vinakaa pakavu, hayo hayavikuti sana.

Kwa hiyo mi nikishika mchele swali langu ni moja, mpunga huu ulisimama kwenye udongo gani na ukanywa maji gani.

Chukua Bangladesh na upande wa India unaopakana nayo. Udongo wao umeletwa na mito mikubwa kutoka milima ya Himalaya, na kuanzia miaka ya 1970 watu walichimbiwa visima kwa mamilioni ili waache kunywa maji machafu ya madimbwi, nia njema kabisa, kumbe maji ya chini yana aseniki. Maji hayohayo yanapampiwa kwenye majaruba kiangazi, ndo maana mpunga wao wa kiangazi kwa kawaida unabeba aseniki kuliko ule wa msimu wa mvua. Marekani nako, kule kusini Arkansas, Louisiana na Texas, kuna mpunga unalimwa kwenye mashamba ambayo zamani yalikuwa ya pamba, na pamba ilipigwa dawa za aseniki miaka na miaka, dawa zimeachwa lakini aseniki haiozi, ipo palepale, mchele wa California unatoka na kidogo zaidi. Misri mchele wao uko chini. Na sisi? Watafiti waliokusanya mchele wa mabara tofauti wakatoa majibu yao 2020 walikuta mchele wa Afrika Mashariki uko kwenye kundi la chini kabisa kwa aseniki. Nilivyosoma nilipiga kigelegele peke yangu mezani, binti wa kazi akaja mbio akidhani nimeng'atwa na nge.

Haina maana kila bonde la Tanzania limesafishwa kwa sabuni. Kanda ya Ziwa, kwenye maeneo ya dhahabu, kuna visima vilivyopimwa vikakutwa vimepita kiwango cha WHO cha aseniki, ambacho ni maikrogramu 10 kwa lita, na mpunga uliosimama karibu na mabaki ya machimbo ningeuuliza maswali mengi kabla sijaula.

Namba nyingine ujue, kiwango cha Codex, ile tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, tangu 2014 ni miligramu 0.2 za ile aseniki mbaya kwa kilo ya mchele mweupe. Nasema aseniki mbaya maana iko ya aina nyingi, ile iliyo nyingi kwenye samaki wa baharini haina madhara kama hii. Mtu mzima anayekula gramu 300 za mchele mkavu kwa siku, mchele uliofika hapo kwenye 0.2, anameza maikrogramu 60, wakati lita 2 za maji yaliyofika mwisho wa kiwango cha WHO zinampa 20. Umeona? Kwa watu wanaokula wali asubuhi, mchana na usiku hilo ni jambo la kukaa chini kulijadili, sio sisi ambao wengi wetu hapa wali ulikuwa wa sikukuu mpaka juzijuzi tu.

Mtoto sasa. Mtoto anakula kidogo lakini na mwili ni mdogo, ukigawa kwa kilo zake anameza zaidi yako wewe, ndo maana Ulaya mchele wa kutengenezea chakula cha watoto wachanga wameuwekea nusu, miligramu 0.1, na Uingereza wanasema vile vinywaji vya mchele asipewe mtoto wa chini ya miaka 5 badala ya maziwa. Kwa hiyo uji wa mchele sio sumu ila usiwe ndo chakula peke yake. Mi shida yangu kubwa na huo uji wako wala sio kilichomo, ni kisichokuwemo. Mchele mweupe una chuma kidogo mno na zinki kidogo, na mtoto wa miezi 8 akiba ya chuma aliyozaliwa nayo imeshaanza kuisha. Asubuhi mpe uji wa ulezi au wa uwele, mzuri zaidi kama nafaka umeiotesha kwanza kama ya kimea, maana kuotesha kunapunguza vile vitu vinavyozuia chuma na zinki kunyonywa. Weka kijiko cha dagaa waliosagwa laini kabisa, akitema changanya na ule wa mchele nusu kwa nusu, wiki ijayo punguza mchele, watoto wanazoea. Maziwa yako endelea.

Na ukinunua unga wa lishe uliochanganywa karanga na mahindi, hapo ndo uwe mkali kweli, karanga zenye ukungu usipokee hata kwa bure. Mwaka 2016 hapahapa Dodoma na jirani zetu Manyara sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi iliwaugulisha watu 68 wakafa 20. Hakuna voisi iliyozunguka siku hizo. Aseniki ya kwenye mchele inachukua miaka mingi kumdhuru mtu, sumukuvu ikizidi inaua ndani ya wiki chache.

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa jiografia Manyoni. Tulikuwa kwenye mada ya tabianchi mwanafunzi akaniuliza, joto likiongezeka mchele utabaki uleule au utabadilika ndani? Nikamwambia ni swali zuri tutalijadili kipindi kijacho. Kipindi kijacho ni Alhamisi. (Ticha)

JIBU: Hahaha ticha, hiyo "swali zuri tutalijadili" tunaijua wote. Mwambie mwanafunzi utabadilika, na kwa njia mbili ambazo zote hazitupendezi.

Ya kwanza, udongo wa jaruba ukipata joto wale bakteria wa kule chini wanachapa kazi haraka zaidi, kutu ya chuma inayeyuka zaidi na aseniki inaachiwa zaidi. Watafiti wamejaribu kwa kuotesha mpunga kwenye joto na hewa ya miaka ijayo na aseniki kwenye punje ikapanda.

Ya pili ni hewa ya ukaa yenyewe, bila hata kutaja joto. China na Japani walizungushia mabomba mashamba ya mpunga ya kweli kabisa, sio ya kwenye ndoo, wakawa wanapuliza hewa ya ukaa hadi kiwango kinachotegemewa baadaye karne hii. Aina 18 za mpunga. Matokeo yalitoka 2018, kwa wastani protini ilishuka asilimia 10 hivi, chuma asilimia 8, zinki asilimia 5, na baadhi ya vitamini B zikashuka zaidi ya hapo. Mmea unashiba wanga haraka, madini hayafuati kasi hiyo. Kwa mtu anayekula nyama na maharage haimtikisi, ila kwa mtu ambaye sahani yake ni wali na mchuzi wa nyanya, hiyo asilimia 8 inatolewa kwenye kitu ambacho tayari hakitoshi.

Ukitaka kuwaonesha wanafunzi kwamba nchi na nchi hazifanani, wape seleni. Ni madini tunayohitaji kidogo sana lakini ukiyakosa unaumwa, na mchele wa Marekani na India ulikutwa nayo mengi wakati wa Misri uleule niliousifia kwa aseniki una seleni kidogo mno. Hakuna nchi iliyopewa vyote. Sisi wa nchi kavu tuna lingine kabisa, hapo Bahi mkoani Dodoma mvua ni za Desemba mpaka Aprili, jaruba linajaa, baadaye linakauka lenyewe hata kabla hujavuna, na kukauka nako kuna habari yake, soma jibu linalofuata.

SWALI: Anti salaam. Mimi mkulima wa mpunga Bahi, ekari 2 na nusu. Afisa ugani anatufundisha kilimo shadidi, kwamba tusiache maji yamejaa muda wote, tunamwaga, tunaacha udongo unapasuka kidogo, tunarudisha. Maji tunaokoa kweli. Sasa kijana wangu yuko chuo anasema ukikausha jaruba unapunguza sumu moja unaongeza nyingine. Nishike la nani? Na pia miche yangu ikifika wiki ya 3 inadumaa, inapata madoa ya kahawia kama kutu, mbolea nimeweka. (Baba Mkulima)

JIBU: Salaam baba, na hongera kwa kijana, ada yako haijapotea, ila la afisa ugani ndo ushike.

Kijana anaongelea kadimi, metali yenye sumu. Hii na aseniki ni kama ndugu wawili waliogombana, mmoja akiingia ndani mwingine anatoka. Maji yakijaa, aseniki inalegea lakini kadimi inafungwa na salfa ya kwenye tope haipandi. Udongo ukikauka hewa ikaingia, aseniki inashikwa tena na kutu, kadimi inafunguliwa. Kwa hiyo mtu anayekausha sana hasa siku zile mpunga unabeba punje, anaweza akaongeza kadimi. Mambo haya sio ya kwenye makaratasi tu, Japani mkoa wa Toyama wanajua, mgodi wa zinki ulikuwa unamwaga mabaki kwenye mto Jinzu, mto unamwagilia mpunga, watu wakala mchele wa kadimi miaka mingi, figo zikaharibika na mifupa ikawa inavunjika hata mtu akikohoa, wengi wao akinamama watu wazima waliozaa. Ugonjwa wakauita itai-itai, maana yake inauma-inauma. Serikali yao ilikubali rasmi 1968 kwamba chanzo ni kadimi.

Lakini baba angalia, kule kulikuwa na mgodi unaomwaga. Kadimi inapanda zaidi kwenye udongo wenye uchachu, na udongo wenye magadimagadi kama wa sehemu nyingi za nchi kavu unaishikilia. Wewe fanya hivi, mwaga na rudisha maji kama ulivyofundishwa kipindi mpunga unachipua machipukizi, ukianza kutoa maua mpaka punje zijae maziwa uache na maji kidogo, hapo hata mavuno yatakushukuru maana mpunga ukiona kiu wakati wa maua unatoa mapepe, punje tupu. Kilimo shadidi kilianzia Madagaska miaka ya 1980 kwa padri mmoja Mfaransa, Henri de Laulanié, na miche michanga ya siku 8 mpaka 12, mmoja mmoja kwenye shimo, hakikuletwa kwa ajili ya aseniki hata kidogo, ila kuruhusu hewa udongoni kunaipunguza, ni bonasi.

Jambo lingine baba, majani na pumba za mpunga mnazouza zote kwenda kuchomea tofali, bakiza kidogo urudishe shambani. Ile silika niliyosema imejaa humo, mpunga ukishiba silika mlango unakuwa na foleni na aseniki inapata nafasi ndogo. Tofali nazo zinahitajika najua.

Hayo madoa ya kahawia na kudumaa kati ya wiki ya 2 na ya 4 toka kupandikiza, kwenye udongo wa magadi uliojaa maji, mi nikisikia hivyo nafikiria zinki kwanza. Udongo wa namna hiyo unaikumbatia zinki mpunga hauipati, urea unayoongeza ndo kwanza inazidisha njaa. Weka zinki salfeti, kama kilo 10 kwa ekari kabla ya kupandikiza, au ukikosa hela chovya mizizi ya miche kwenye maji yaliyokorogwa oksaidi ya zinki, gramu 20 mpaka 40 kwa lita, ndo uipandikize. Na kumwaga maji siku chache kunasaidia pia, umeona afisa ugani wako alivyo na bahati? Ila mwite aje aone majani kwa macho, mi nipo hapa na kalamu tu. Mpunga wenye njaa ya zinki unatoa mchele wenye njaa ya zinki, sisi tunaokula huku mjini ndo tunamalizia hiyo njaa.

SWALI: Anti, Bahi si ndo walikuwa wanatafuta urani? Mchele wake tunakula tu kimya? (Bila jina, Kisasa)

JIBU: Ni kweli, Bahi na Manyoni makampuni yalikuja kutafuta urani, na ipo karibu na juu ya ardhi sio kilindini. Ila urani kwa tabia yake inanata kwenye mizizi, inayofika kwenye punje ni kidogo sana. Kama ningekuwa naishi huko hofu yangu ingekuwa kwenye kisima, maji ya kunywa yana kiwango cha WHO cha urani, maikrogramu 30 kwa lita, na maji yanapimika maabara. Kijiji kinaweza kuomba. Wali wa Bahi mi nakula, na ukoko nakwangua.

SWALI: Mambo Anti! Nimeambiwa na mwenzangu wa mazoezi niache mchele mweupe nile ule wa brauni wa supamaketi, bei yake mara 3. Sasa nasikia wa brauni ndo una sumu zaidi. Nimechoka. (Dada wa Area C)

JIBU: Poa mdogo wangu, pole na mazoezi. Wote wawili wamekwambia kweli. Aseniki inajikusanya kwenye lile ganda jembamba la juu, na chuma, zinki, magnesi na vitamini B1 navyo vimejaa hukohuko, ukikoboa unafukuza mwizi pamoja na wageni wa heshima. Ndo maana hata Codex wa brauni wameuruhusu hadi 0.35, mweupe 0.2. Kwa mchele wa huku ambao aseniki yake iko chini, wa brauni ni salama kula. Lakini kwa hiyo hela? Zinki ya mchele mweupe ni kama miligramu 1 kwa gramu 100 mbichi, ya brauni 2 hivi. Uwele unapita 2 na nusu, na chuma chake ni mara kadhaa ya mchele wowote, na pale sokoni Sabasaba haujafika hata robo ya bei ya hicho kipaketi chako. Bibi zetu Wagogo walikula ugali wa uwele na mlenda wala hawakuwa na mwenzao wa mazoezi.

SWALI: Na mchele wa plastiki je? (Wengi)

JIBU: Jamani plastiki ni ghali kuliko mchele. Nigeria mwaka 2016 walikamata magunia kelele zikawa nyingi, maabara ikapima ikakuta ni mchele, ila wenye bakteria kupita kiasi. Wali unaodunda ukiufinyanga ni wanga tu. Tuendelee.

SWALI: Anti shikamoo. Mi mama lishe karibu na stendi, kwa siku napika kilo 12 mpaka 15. Mteja mmoja mwenye tai kaniambia nipike wali kama makaroni, maji mengi halafu namwaga, eti sumu inatoka. Nikifanya hivyo wali unakuwa bokoboko na mkaa ulivyopanda bei nitafunga biashara. Ni kweli inatoka? (Mama Lishe)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwenye tai hajakosea, aseniki inatoka na maji, kuosha peke yake kunatoa kidogo tu, kupika kwa maji mengi ukamwaga kunatoa karibu nusu. Tatizo ni kwamba na vitamini B zinaondoka nayo.

Iko njia ya katikati ambayo Waingereza waliipima wakaitoa 2020 na mi nimeijaribu kwangu mara 4 kabla sijawaandikia. Chemsha maji kwanza, vikombe 4 kwa kikombe 1 cha mchele, yakitokota haswa ndo unamwaga mchele uliooshwa, hesabu dakika 5 tu, punje ikiwa ukiikata kwa kucha katikati bado kuna kidoa cheupe. Mwaga kwenye chujio. Rudisha sufuriani na vikombe 2 vya maji mapya, chumvi na mafuta, funika, moto wa chini, ukianza kukauka palia mkaa juu ya mfuniko kama siku zote. Mara ya kwanza nilipitisha dakika zikafika 8, ukatoka uji, tukaula hivyohivyo na mume wangu hakusema kitu ila aliangalia sana sahani. Mara ya pili ukachambuka. Walipima wakakuta karibu robo 3 ya aseniki inatoka kwenye mchele mweupe, zaidi ya nusu kwenye wa brauni, na zinki kwa sehemu kubwa inabaki. Wa nazi tui unaweka kwenye yale maji ya pili. Na wapishi wa biriani wanafanya hivi toka zamani, wali wao unachemshwa unachujwa ndo unapalizwa, ila hakuna aliyewapa cheti.

Sasa je ufanye kila siku kwa kilo 15? Kwa mchele wa Bahi, Kyela, Mbarali, Kilombero, mi sikulazimishi, mkaa wako una thamani. Ningefanya kwa mchele wa kutoka nje usiojua ulikosimama, na kwa mtu anayekula wali kila mlo. Ila uwe na uhakika na unachonunua, maana mimi mwenyewe mwezi wa tatu nilinunua kilo 10 za "Kyela ya ukweli", harufu ya pale juu ya gunia ilikuwa inakuita kwa jina, nimefika nyumbani chini ni mchele mwingine kabisa, chenga tupu, hata haunukii. Nilirudi muuzaji akaniambia mama huo ni Kyela ila umechoka safari.

SWALI: Anti naomba usinicheke. Nina miaka 21, nasoma chuo hapa Dodoma. Natafuna mchele mbichi. Nimeanza kidogokidogo nikiwa nachagua mchele, sasa hivi natembea nao kwenye mfuko wa koti, lekcha moja naweza kumaliza kikombe. Nikiukosa nanunua udongo wa pemba. Sina mimba. Baada ya kusikia ile voisi naogopa sumu, ila kuacha nashindwa. (Binti wa Hosteli)

JIBU: Sikucheki mwanangu, na hujui ni wangapi wameniandikia hivihivi, mmoja ni mwalimu mkuu.

Hamu ya kutafuna mchele mbichi, udongo, barafu, mara nyingi ni mwili unaolia njaa ya chuma. Katika ule utafiti mkubwa wa afya wa kitaifa wa 2015-16 wanawake 45 kati ya kila 100 wa miaka 15 mpaka 49 walikutwa na upungufu wa damu, kwa hiyo hapo hosteli kwenu hauko peke yako. Mchele haukuongezei hiyo damu, na fitiki zake, vile vitu nilivyosema vinazuia chuma kunyonywa, zinazuia hata kachuma kadogo ka kwenye maharage ya kantini. Ila chenye kunitisha zaidi ni hizo pemba. Watafiti walipima udongo unaouzwa kwa wajawazito kwenye maeneo ya machimbo ya dhahabu Kanda ya Ziwa wakakuta aseniki, madini ya risasi na ndugu zao wengine. Na ujue tumbo lenye njaa ya chuma linafungua milango yote, kadimi na risasi zinapita kirahisi kuliko kwa mtu mwenye damu ya kutosha. Yaani unayemwona kule Toyama anavunjika mifupa alikuwa ni mama aliyezaa, damu imepungua, akakutana na mchele mbaya.

Nenda zahanati ya chuo waambie unataka kipimo cha HB, kile cha wingi wa damu, usisubiri kuzimia. Kwa mwanamke asiye na mimba ikiwa chini ya 12 una upungufu, watakupa vidonge vya chuma, na huwa hamu ya mchele inaanza kupungua hata kabla damu haijajaa, wengi wananiambia wiki ya pili hivi. Waombe wakuangalie na minyoo. Hedhi ikiwa nzito sana waambie pia, usione aibu. Chai ya rangi usinywe na chakula wala na kidonge, subiri saa moja, na kidonge shushia na juisi ya ubuyu wa kweli, ule wa unga mweupe kutoka kwenye mbuyu, sio ule mwekundu wa rangi na sukari unaouzwa getini. Choo kikigeuka cheusi usiogope ni chuma.

Ukishapewa namba yako ya HB niandikie. Na huo mchele wa mfukoni umpe mwenzako wa chumba aupike, muule na maharage.